Madume Sitini na Mmoja

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kwamba kiti cha basi hakikukuumiza tena mgongo. Naandika barua kwa sababu ulituambia simu ni ya watu wasio na hoja.

Ripoti uliyomtumia mama imefika. Mama aliangalia jalada, akasema, "Huyo ndiye ndugu yangu," kisha akaiweka juu ya kabati chini ya kopo la vifungo na akarudi kwenye cherehani yake. Mimi nimeisoma yote, mara mbili. Samahani kwa kuisoma bila kuomba.

Nina swali moja. Ukurasa wa sita unasema kwamba kati ya ndege wa matete sitini na wanne uliowapima bwawani hapa kwetu likizo iliyopita, sitini na mmoja ni madume na watatu tu ni majike. Ukurasa wa saba unasema kwa hiyo hili ni "kundi la makapera, lisilozaana." Ukurasa wa nane unasema sheria inalinda bwawa lenye ndege wanaozaana, siyo lenye makapera, na kwamba hakuna sababu ya kitaalamu ya kuizuia kamati ya mji kulifukia bwawa ipate maegesho ya malori. Kamati itakaa tarehe nne Aprili. Dirisha la darasa letu linatazama bwawa hilo, lakini hilo si sehemu ya swali.

Swali ni hili. Wimbo tuliokuwa tukiupiga kwenye spika chini ya wavu ni wimbo wa dume. Nimesoma katika kitabu cha maktaba ya shule kwamba dume akisikia dume mwingine anaimba kwenye eneo lake huja mbio kupigana. Jike hana sababu ya kuja. Je, haiwezekani kwamba tumewahesabu waliokuja kugombana tu?

Tena, nilipoipitia nakala yangu ya daftari, niliona majike wote watatu ni wa siku tatu za mwanzo, wakati Bi Nyavu, mtegaji wako, alikuwa bado nasi.

Kama swali ni la kijinga, nisamehe.

Mpwa wako

*

16 Februari

Mpwa wangu Miwani,

Marahaba. Swali lako si la kijinga. Ni la mtu aliyesoma kitabu kimoja, jambo ambalo ni baya zaidi.

Unadhani mimi, niliyeanza kushika ndege kabla mama yako hajajua kutunga uzi kwenye sindano, sijui kwamba mwito wa dume huvuta madume? Ndiyo maana nilikuelekeza, mbele ya mama yako na kwa Kiswahili chepesi, kwamba spika iimbe saa moja tu ya kwanza, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, kisha izimwe. Ndiyo maana daftari lina safu ya mwisho yenye herufi S. Ndege wa saa ile anawekewa S, na katika hesabu anaondolewa. Walikuwa kumi na tisa, madume watupu, na niliwaondoa wote. Sitini na wanne waliobaki walinaswa spika ikiwa kimya, na safu yao ya S ni tupu. Nani aliyejaza safu hiyo? Wewe, kwa mwandiko wako ule mdogo kama wa sisimizi mwenye deni la karatasi.

Kwa hiyo unaposhuku ripoti yangu, unalishuku daftari lako. Chagua.

Kuhusu yule mama wa nyavu, nilimwondoa siku ya tatu kwa sababu alikuwa akibishana na mimi kuhusu mahali pa kufunga wavu, kana kwamba shahada ni yake. Majike watatu wa siku zake ni bahati tu. Mtu anayejifunza sayansi huachana na bahati mapema.

Nilikuacha na vifaa kamili: nyavu tatu, mifuko ya kitambaa, spika, na betri nilizokuletea kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi yako ilikuwa kumtoa ndege kwenye wavu, kumtia mfukoni na kumleta mezani kwangu. Hiyo haikuhitaji maktaba.

Msalimie dada yangu. Mwambie ripoti si ya kuwekea makopo.

Mjomba wako,
Daktari

*

20 Februari

Kwa Bi Nyavu,

Shikamoo, Bi. Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni yule msichana wa miwani uliyemfundisha kumtoa ndege wavuni kwa kuanzia miguuni. Anwani yako nimeipata kwa fundi viatu wa jirani yenu, aliyesema umehamia kwa binti yako kulea mjukuu, na kwamba simu yako ilianguka ndani ya ndoo.

Kuna jambo nimelifanya na hakuna mtu niliyemwambia.

Siku ya nne, ile ya kwanza bila wewe, nilizima spika saa moja kamili kama nilivyoagizwa. Katika saa ile ya kwanza nilikuwa nimepata ndege wanne, na Mjomba pale mezani kando ya barabara aliniambia, "Kumbe una akili." Hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Baada ya kuzima spika nilikaa saa tatu nikapata ndege mmoja. Mjomba akavua vile vidude vyake vya masikioni, anavyosikilizia mihadhara yake mwenyewe, akasema, "Nimeachiwa mzigo." Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anaiambia meza.

Siku ya tano sikuizima.

Niliiacha iimbe asubuhi nzima, na siku zote zilizofuata. Walikuja sita, saba, wakati mwingine tisa. Mjomba akiuliza, "Huyu wa saa ngapi?" nilisema wa saa mbili, au wa saa tatu, na ilikuwa kweli. Hakuuliza kama spika ilikuwa inaimba. Safu ya S niliiacha tupu. Sikuandika uongo. Nimejiambia hivyo kila siku, kisha najiona kama wale wanafunzi wanaoficha kitabu chini ya dawati wakijidai hawajafungua.

Nilidhani S ni ya kupendezesha daftari. Sikujua kwamba bwawa lilikuwa limekaa ndani ya safu ile.

Nifanye nini?

Mwanafunzi wako wa siku tatu

*

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nakukumbuka. Ulikuwa unawaomba ndege msamaha kabla ya kuwagusa.

Umefanya upuuzi. Nakuambia mapema ili tusipoteze karatasi. Na umeufanya kwa ajili ya sifa za mtu ambaye sifa zake ni kama mvua ya kwenye picha, hailoweshi hata nguo. Ungekuwa umeharibu kazi kwa sababu ya njaa au usingizi ningekuelewa upesi zaidi.

Sasa nikueleze alichokataa kunisikiliza Daktari wako. Ndege huyu wa matete, dume hukaa juu, kwenye ncha, akijitangaza. Jike hupita chini, karibu na maji, anabeba vijiti, anabeba wadudu, hana muda wa kuimbiana na spika. Nilimwambia, "Bwana, shusha wavu, mfuko wa chini, pale ndege anapodondokea, ukaribie kugusa maji." Akasema shati lake litaloa. Nilimwambia, "Basi tukate vinjia viwili katikati ya matete." Akasema mimi ni mikono yake, siyo kichwa chake. Nikamwambia basi kichwa kikafunge nyavu chenyewe. Ndiyo siku niliyoondoka.

Wavu wa juu wenye wimbo utakuletea madume wenye hasira. Wavu wa chini ulio kimya utakuletea wenye shughuli zao. Ukiweka chambo utaletewa wenye njaa. Hakuna mtego unaokuletea ndege wote. Anayejua kazi huandika alitega vipi, ili atakayesoma ajue ni nani hakuitwa. Daktari alijua hilo miaka ya nyuma. Halafu akaanza kupigiwa makofi.

Nimeibeba spika ile misimu minane. Pakiti moja ya betri nne huimba saa kumi na tano, haizidi, na kila nilipomwomba pakiti ya pili alilalamika kama anayeng'olewa jino. Leo anajidai alikupa vifaa kamili. Haya.

Utafanya hivi. Mwandikie ukweli wote, kwanza yeye. Mpe nafasi ya kuwa mtu. Akishindwa, na atashindwa, niandikie. Kibali changu cha kushika ndege kinaishia mwezi wa sita, nakala yake imo humu, na goti langu linaweza kukaa majini asubuhi sita likiombwa kwa adabu.

Mjukuu amekula kona ya barua yako. Anajua kusoma kuliko wengi.

Bi Nyavu

*

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Safu ya S si kweli. Kuanzia siku ya tano niliiacha spika iimbe asubuhi nzima na sikuandika. Wewe ulikuwa mezani kando ya barabara, malori yalikuwa yanapita na ulikuwa umeziba masikio, kwa hiyo hukusikia. Nilifanya hivyo kwa sababu ndege wengi walikufurahisha. Ni kosa langu na sina la kujitetea.

Kati ya wale sitini na wanne, ndege sita tu walinaswa spika ikiwa kimya kweli: watano wa siku za Bi Nyavu na mmoja wa siku ya nne. Kati ya hao sita, watatu ni majike. Hiyo ni nusu, Mjomba.

Tafadhali iandikie kamati kwamba ripoti isubiri. Bado ni mwezi mmoja. Unaweza kutaja kosa langu, sitaona vibaya.

Mpwa wako

*

11 Machi

Miwani,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nimeijibu nikiwa nimekaa, ili usipate jibu la kwanza.

Ripoti imekwisha kwenda. Mwezi ujao, baada ya kikao cha kamati yenu ya wauza saruji, nitaisoma mbele ya wataalamu wa nchi saba. Kundi la makapera ni ugunduzi. Watu wameshaniandikia kulihusu. Unanitaka nisimame mbele yao niseme kwamba ugunduzi wangu ulikuwa kidole cha mtoto wa shule kwenye kitufe?

Tuseme unasema kweli. Bwawa lile ni nini? Nimezaliwa kando yake, nalijua. Ni maji ya kijani yenye matairi, kando ya mji ambao kitu chake kizuri pekee ni barabara ya kutokea. Ndege wako watahamia kwingine. Hivyo ndivyo ndege walivyo, wana mabawa.

Ulinyamaza ulipopaswa kusema. Sasa kaa na ukimya wako, umeshauzoea. Na usijidanganye kwamba utakwenda kwenye kamati. Nilikaa mezani kwenu wiki mbili nikakuona unakula chakula kisicho na chumvi kwa sababu uliogopa kuniomba nikusogezee kikopo. Mtu wa namna hiyo hasimami mbele ya watu wazima kumi na wawili. Na ukisimama, utakayemwaibisha ni mama yako, ambaye hana kitu kingine cha kujivunia isipokuwa kaka.

Tusilizungumze tena. Nakutakia mitihani myema.

Daktari

*

14 Machi

Kwa Katibu wa Kamati ya Mji

YAH: KOSA KATIKA DAFTARI LA NDEGE WA BWAWA

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilikuwa msaidizi wa mtafiti aliyeandika ripoti mliyo nayo kuhusu ndege wa matete.

Ukurasa wa sita unasema sitini na mmoja kati ya ndege sitini na wanne ni madume. Idadi hiyo imetokana na kosa langu. Kuanzia siku ya tano niliacha spika ikipiga wimbo wa dume muda wote wa kutega, na sikuandika hivyo. Wimbo huo huita madume. Ripoti haiwezi kuonyesha kama majike wapo au hawapo, kwa sababu hatukuwaita wala hatukushusha nyavu mahali wanapopita.

Naomba kamati iruhusu kutega upya kwa asubuhi sita, bila spika, chini ya mtegaji mwenye kibali. Jina la mtegaji na nakala ya kibali vimeambatanishwa. Naambatanisha pia nakala ya daftari. Kurasa zenye kosa nimezikunja pembe.

Niko tayari kuja kulisema hili mwenyewe.

Wenu,
Aliyejaza daftari

*

21 Machi

Kwa Aliyejaza Daftari

Barua yako imepokelewa. Mwenyekiti aliisoma akauliza kama ni mzaha wa wanafunzi. Nilimwonyesha kurasa ulizokunja pembe, naye akasema mzaha hauwi na safu nyingi hivyo.

Mtegaji ameruhusiwa asubuhi sita, kuanzia tarehe ishirini na nne. Matokeo yaletwe kikaoni tarehe nne Aprili, saa nne asubuhi. Umesema uko tayari kuja. Kamati imekushika kwa neno hilo. Njoo na mzazi.

Ofisi yetu haina maikrofoni, kwa hiyo sema kwa sauti.

Katibu

*

6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hukutaka tulizungumze tena, kwa hiyo hili ni la kusoma tu.

Bi Nyavu alikuja na mjukuu wake mgongoni na panga la kukatia matete. Mjukuu tulimwachia mama, akalala ndani ya kapu la vitambaa asubuhi zote sita. Tulikata vinjia vitatu. Nyavu tulizishusha hadi mfuko wa chini ukakaribia kugusa maji. Spika ilikuwa nyumbani kabatini. Kila baada ya dakika ishirini tulipita kutazama, tukiwa tumeloa hadi kiunoni. Shati la mtu linakauka, Mjomba. Linachukua kama nusu saa.

Tulinasa ndege wa matete arobaini na saba. Majike ni ishirini na sita. Bi Nyavu aliwapuliza manyoya ya tumboni kwa mrija kama unavyofanya wewe, na kumi na saba kati yao walikuwa na kile kipara cha kuatamia mayai, chekundu na cha moto. Nilikigusa kwa mgongo wa kidole. Makapera wako wana wake, na wake wana mayai.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza. Ulivisha madume themanini pete za alama mguuni, ukiwahesabu na wale wa S. Sasa tulinasa madume ishirini na mmoja, na wenye pete yako walikuwa wanne tu. Nilidhani wengine wamekufa. Bi Nyavu akacheka, akaninyooshea ncha za matete. Walikuwa wamekaa pale juu, pete zinang'aa, wanautazama wavu na hawasogei. Walishaujua. Alisema, "Daktari aliwadanganya mara moja. Mara ya pili hata ndege wanamdharau."

Tarehe nne nilikwenda. Mama alifunga cherehani akaja nami, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Nilipoitwa nilisimama, nikafuta miwani, nikaifuta tena. Mwenyekiti akasema, "Binti, sema au kaa." Nikakumbuka kikopo cha chumvi. Sijui kama ni hasira au ni nini, lakini nilianza kusoma, na nilisoma hadi mwisho, pamoja na ile sehemu inayosema "kosa langu." Miwani ilikuwa imejaa ukungu, sikumwona mtu, na hiyo ilisaidia.

Mjumbe mmoja, mwenye malori, akauliza kwa dharau, "Sasa hao majike wote ishirini na sita, wakati Daktari anahesabu walikuwa wapi?"

Bi Nyavu akajibu kutoka kwenye benchi, "Kazini."

Walicheka hadi katibu akagonga meza. Kisha walipiga kura. Bwawa halifukiwi. Malori yatakwenda kwenye uwanja wa kile kiwanda cha matofali kilichofungwa.

Tulipotoka nilimwomba mama msamaha kwa kukuaibisha. Mama akasema, "Ndugu yangu tangu utotoni, ukimuuliza nani kavunja kikombe, husema kikombe kimevunjika." Kisha akaniuliza kama nina njaa. Yeye ripoti yako aliiondoa juu ya kabati siku ile barua yako ya Machi ilipofika. Nilikuwa nimeiacha mezani naye akaisoma, pamoja na ile sehemu ya kitu pekee anachojivunia. Hakuniambia alikoipeleka.

Mpwa wako

*

13 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Katibu wa kamati yenu amenitumia matokeo yenu, yakiwa na matope kwenye pembe. Idadi ni ndogo, uchaguzi wa vinjia haukufuata utaratibu, na mtegaji hana shahada. Hata hivyo sitabishana na bwawa.

Nimeandika ripoti mpya kwa ajili ya mkutano. Sura ya pili inasema hivi: "Takwimu za awali ziliathiriwa na msaidizi asiye na mafunzo, aliyeendelea kutumia mwito wa sauti kinyume cha maelekezo, bila mtafiti kufahamu." Hoja yangu sasa ni jinsi mbinu za kutega zinavyopotosha picha ya ndege wa porini, na tukio lenu ni mfano mzuri. Waandaaji wamefurahi. Wamenipa muda mrefu zaidi.

Utaona sikukutaja. Nimekuhifadhi, na unapaswa kushukuru. Yule mama nimemtaja katika orodha ya shukrani kama "mtegaji wa eneo." Pia umejifunza jambo kuhusu uaminifu ambalo si kila mtu hulijifunza katika umri wako, na sina kinyongo.

Spika irudishwe. Ni mali ya ofisi.

Mjomba wako,
Daktari

*

19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Spika nimeikabidhi kwa karani wa basi leo asubuhi, ndani ya sanduku la viatu. Itafika kesho kutwa. Nimeifuta matope.

Chini ya spika utakuta betri zilizokwisha. Ni kumi na mbili, pakiti tatu. Nilikuwa nimezihifadhi kwenye mkebe kwa sababu mwalimu wa sayansi anakataza zisitupwe majini, na nilizikuta nilipokuwa nikitafuta mahali pa kuufungia mrija wa Bi Nyavu. Nilizipanga sakafuni, nne nne.

Tulitega siku kumi na mbili. Kama spika ingeimba saa moja kwa siku ulivyoelekeza, jumla ingekuwa saa kumi na mbili. Pakiti moja huimba saa kumi na tano, na hilo unalijua kwa misimu minane, kwani ulikuwa ukigombana na Bi Nyavu kuhusu kila pakiti. Hiyo moja ingetosha hadi mwisho, na saa tatu zingebaki.

Siku ya saba uliniletea pakiti ya pili. Siku ya kumi uliniletea ya tatu. Sikukuomba. Nisingeweza kukuomba, hata chumvi sikukuomba. Ulikuja mwenyewe kutoka mezani, hatua mia tatu, bila vile vidude masikioni, spika ikiwa inaimba saa tatu na nusu asubuhi. Ulisimama pale, ukaziweka betri juu ya mfuko wangu, ukasema, "Zisije zikakuishia." Kisha ukarudi mezani ukaniuliza ndege anayefuata ni wa saa ngapi.

Nilidhani siku ile ulikuwa unanipenda.

Kamati sikuwaambia, kwa sababu nilipokwenda sikuwa nimezihesabu. Nimezihesabu jana. Bi Nyavu nimemwambia, naye hakushangaa hata kidogo. Mama sijamwambia, nadhani anajua. Wale wataalamu wa nchi saba sitawaandikia. Pale mbele ya kamati nilisoma kosa langu. La kwako limo kwenye sanduku la viatu, unaweza kulisoma au kuliacha. Ukipata muda kwenye muda wako mrefu zaidi, safu ya S bado ina nafasi.

Madume wako wenye pete nawaona kutoka darasani. Bado hawashuki.

Msaidizi asiye na mafunzo